Kabla Hamjachapisha Duara Jingine: Barua ya Wazi kwa Wasimamizi wa Vifaa vya Hisabati

Kwa wakuu mnaosimamia mtaala, vitabu na vifaa vya kufundishia Hisabati katika shule za msingi.

KUH: VIFAA VYA KUFUNDISHIA AKISAMI

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa mwalimu wa Hisabati katika shule ya msingi ya umma hapa Mombasa, na ninalo jambo moja la kuwaletea. Vifaa vya kufundishia akisami, yaani nambari za sehemu kama 1/2 na 3/4, vinavyotufikia vimejengwa karibu vyote juu ya mchoro wa duara lililokwisha kugawanywa na kutiwa kivuli. Mchoro huo unapendeza macho, lakini humzoesha mtoto kuhesabu vipande, na haumwelezi kwamba akisami ni nambari yenye ukubwa wake kama nambari nyingine yoyote. Ombi langu ni kwamba, kabla ya toleo jingine kupelekwa kwa mpiga chapa, vifaa hivi visanifiwe upya kuanzia kwenye urefu na upimaji, viandaliwe ili mtoto awe ndiye anayegawa, na vijaribiwe madarasani mbele ya macho ya wale waliovibuni.

Naomba kwanza nieleze tunayoyaona. Mpe mwanafunzi wa Gredi ya Nne duara lililogawanywa sawasawa mara nne, vipande vitatu vikiwa na kivuli, naye atakuandikia 3/4 bila kusita. Sasa mchoree duara lenye vipande vinne visivyolingana, kimojawapo kikiwa kimemeza nusu nzima, kisha utie kivuli kipande hicho kikubwa peke yake. Wengi wataandika 1/4 kwa uhakika uleule, kwa sababu wamehesabu vipande vinne na kivuli kimoja, na hakuna aliyewahi kuwalazimisha kuangalia kama vipande vinalingana. Vitabuni vinalingana siku zote. Waulize iliyo kubwa kati ya 1/8 na 1/4, watakujibu 1/8, maana nane inaizidi nne. Waambie wajumlishe 1/2 na 1/3, utapata 2/5, ya juu kwa ya juu na ya chini kwa ya chini. Majibu haya hayatokani na uvivu wala utundu. Ukiyachunguza utaona yana mantiki moja inayoyapitia yote: mtoto anaona nambari mbili nzima zilizopandishwa moja juu ya nyingine, na anazitendea kama alivyofundishwa kutendea nambari nzima tangu chekechea.

Wala hili si tatizo la Pwani pekee. Mwaka 1978, katika tathmini ya kitaifa ya Marekani, vijana wenye umri wa miaka 13 waliulizwa wakadirie jumla ya 12/13 na 7/8, wakapewa machaguo ya 1, 2, 19 na 21. Kila moja ya akisami hizo inakaribia moja, kwa hiyo jibu ni 2, lakini waliolichagua walikuwa asilimia 24 tu, na zaidi ya nusu walichagua 19 au 21. Hao walikuwa watoto wa nchi isiyo na uhaba wa vitabu. Na madhara hayaishii kwenye mada yenyewe: utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Robert Siegler na wenzake, uliotumia takwimu za Uingereza na Marekani, ulionyesha kwamba ujuzi wa akisami na wa kugawanya ambao mtoto anao akiwa na umri wa takriban miaka kumi unatabiri jinsi atakavyofanya katika aljebra na Hisabati kwa jumla akiwa shule ya upili, hata baada ya kuzingatia mapato ya wazazi na uwezo wake mwingine. Tunapohangaika na watoto wa sekondari msingi wasioweza kutatua mlinganyo mwepesi, aghalabu tunahangaika na deni la Gredi ya Nne.

Kila tunapolalamika kuhusu vitabu, jawabu linalokuja ni kubadilisha picha. Palipokuwa na pitsa panachorwa chapati, palipokuwa na keki panachorwa mkate wa kumimina, na kazi inahesabiwa imekwisha. Mimi sina ugomvi na mkate wa kumimina. Lakini duara ni duara, liwe la Napoli kule Italia au la Majengo hapa Mombasa, na udhaifu wake hauondolewi na jina la chakula. Kwanza, mtoto hawezi kuligawa mwenyewe. Nusu na robo ataziweza kwa kukunja karatasi, lakini thuluthi (1/3) na humusi (1/5) zinahitaji kupima pembe, jambo ambalo hajalifikia, kwa hiyo analetewa duara limekwisha kukatwa, na kazi iliyokuwa na faida zaidi inakuwa imefanywa na mchoraji. Pili, duara halikubali kuvukwa. Ukiandika 5/4 ubaoni, darasa linakuambia haiwezekani, utatoaje vipande vitano kwenye vinne? Nao wana haki, kwa kuwa picha waliyopewa inamalizikia kwenye moja. Tatu, maduara mawili hayalinganishwi kwa macho kirahisi. Weka 3/8 kwenye moja na 1/3 kwenye jingine, kisha uulize ipi kubwa, na hata mwalimu atainamisha kichwa.

Kifaa ninachokipendekeza ni ukanda wa karatasi wenye urefu wa sentimita 24, usioandikwa chochote. Nimeuchagua urefu huo kwa sababu unaingia kwenye karatasi ya kawaida ya A4, na kwa sababu 24 inagawanyika kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12 bila kubaki. Mtoto anaukunja mara moja apate nusu, anaukunja tena apate robo, mara ya tatu apate thumuni (1/8), na akiukunjua anaona kwa macho yake kwamba kadiri mikunjo inavyozidi ndivyo kila kipande kinavyopungua. Baada ya hapo ile habari ya nane kuizidi nne haihitaji hotuba, kwa maana anazo 1/8 na 1/4 mkononi na anaweza kuzilaza moja juu ya nyingine.

Thuluthi ndiyo iliyo ngumu kukunja, na hapo ndipo kifaa hudhihirika kama kimefikiriwa au la. Njia ninayoitumia haina gharama. Mtoto anafungua daftari lake la mistari pale katikati penye pini, ambapo mistari ya kurasa mbili inaendelea bila kukatika. Anauweka ukanda mshazari, ncha ya kushoto ikigusa mstari mmoja, kisha anahesabu nafasi 15 kwenda chini na kuuzungusha ukanda mpaka ncha ya kulia iuguse mstari huo wa chini. Akitia alama ukingoni mwa ukanda kila baada ya nafasi tano, amepata thuluthi. Akigeuza ukanda na kutia alama kila baada ya nafasi tatu, amepata humusi. Mistari ya daftari imeachana kwa umbali ulio sawa, kwa hiyo ukanda nao unakatwa sawa, hata ukilala mshazari kiasi gani. Hakuna rula iliyotumika wala hesabu ya kugawa. Mara ya kwanza watoto hawaamini. Huukunja ukanda kwenye zile alama kuhakikisha kwamba vipande vinafunikana, na kuhakikisha huko ndiko kujifunza kwenyewe, kwa sababu swali la usawa wa vipande limetoka kwao na halikutoka kwa mwalimu.

Rula inakuja baadaye. Mtoto akipima na kukuta nusu ni sentimita 12, thuluthi 8, robo 6, sudusi (1/6) 4, thumuni 3 na 1/12 ni 2, ana kipimo cha kukagulia kila jibu atakalolitoa. Akisema 1/2 na 1/3 ni 2/5, mwambie azipange nusu na thuluthi mwanzo kwa mwisho: 12 na 8 ni 20, na 20 katika 24 ni 5/6. Ile 2/5 yake haifiki hata sentimita 10, yaani ameongeza kitu juu ya nusu na kimetoka kidogo kuliko nusu. Mtoto huona kioja hicho mwenyewe. Kugawanya nako kunapata maana: 3/4 kugawanya kwa 1/8 ni kuuliza vipande vya sentimita 3 vinaingia mara ngapi kwenye 18, navyo vinaingia mara sita. Ile kanuni ya kupindua na kuzidisha, ambayo watoto huikariri kama hirizi ya kuzuia mpira usiingie golini, inaweza kungoja mpaka wawe na kitu cha kuieleza.

Lakini tahadhari moja ni lazima iandikwe katika mwongozo wa mwalimu. Mtoto akizoea ukanda mmoja tu, ataanza kuamini kwamba nusu ni sentimita 12 kama vile jina la mtu. Kwa hiyo kila seti iwe na ukanda mwingine wa sentimita 12, ili mwalimu aulize: thuluthi ya mrefu na nusu ya mfupi, ipi kubwa? Ya kwanza ni 8 na ya pili ni 6. Akisami husimama juu ya kizima chake, na asiyeuliza kizima ni kipi anapaswa kusahihishwa mapema.

Kutoka kwenye ukanda, njia ya kufika mstari wa nambari ni fupi. Chora kwa chaki mstari barazani, tia 0 mwanzoni, 1 baada ya mita chache na 2 baada ya umbali uleule, kisha watume watoto wasimame kwenye 1/2, kwenye 3/4, kwenye 5/4. Huyo wa 5/4 atavuka 1 kwa miguu yake, na lile neno la haiwezekani litakwisha hapohapo. Kwa darasa lenye wanafunzi wengi kuliko madawati, hiki ndicho kifaa pekee ninachokijua kinachomtosha kila mtu kwa bei ya kipande cha chaki. Wazo la kuanzia kwenye urefu nalo si geni. Mwalimu wa Ubelgiji, Georges Cuisenaire, alitengeneza vijiti vya rangi vyenye urefu wa sentimita 1 hadi 10, vikaenea katika shule za nchi nyingi kuanzia miaka ya 1950. Nchini Japani, vitabu vya shule ya msingi huziingiza akisami kwa kupima urefu na ujazo, pale kipimo kizima kinapoacha baki.

Mombasa yenyewe imejaa akisami zinazopimwa, na nashangaa hazionekani kwenye vifaa vyetu. Futikamba ya fundi cherehani ina inchi zilizogawanywa nusu, robo na thumuni. Ni mstari wa nambari unaoning'inia shingoni mwa mtu, na mtoto aliyepelekwa kushonewa sare ameuona. Vipimo vya kale vya nafaka vinapandiana vizuri ajabu: vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi, kwa hiyo kibaba ni robo ya pishi, na watoto wanaweza kujaza mchanga na kuhakikisha. Mkitumia vyombo vya kumiminia, tafadhali chagueni vyenye ubavu ulionyooka, maana chupa ya soda imebana shingoni na nusu ya kimo chake si nusu ya ujazo wake. Nimeona kielelezo kilichofanya kosa hilo, na watoto ndio waliolitambua.

Upo pia mfano wa mirathi, ambao wanafunzi wengi hapa wanausikia madrasa au nyumbani. Mafungu yaliyotajwa katika Suratun Nisaa ya Kurani ni nusu, robo, thumuni, thuluthi mbili, thuluthi na sudusi. Mtu akifariki akaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume, mke hupata thumuni, mama sudusi, na kinachobaki ni cha mtoto. Thumuni ni 3/24, sudusi ni 4/24, jumla 7/24, na mtoto anabakiwa na 17/24. Ukanda wetu wa sentimita 24 unalionyesha hilo lote kwa sentimita kamili: 3, 4 na 17. Najua shule zetu zina watoto wa dini zote, na sipendekezi somo la Hisabati ligeuzwe la sheria. Mfano huu ukae pamoja na mingine, kama vile kugawana faida ya chama au kukata mbao. Ninachokisisitiza ni kwamba kutafuta asili moja, yaani nambari moja ya chini, kwa akisami tofauti ni kazi ambayo watu wazima wa mji huu wanaifanya kwa dhati, ilhali mtoto anadhani ni adhabu iliyobuniwa kwa ajili ya mtihani.

Sasa niseme kuhusu uchapaji, kwa sababu ndio unaoua vifaa vizuri. Shule nyingi hazitapata nakala ya kutosha, zitapeleka ukurasa dukani utolewe fotokopi, na mashine huupunguza ukurasa kidogo ili uenee. Ukanda wa 24 unatoka 23 na ushei, na kila hesabu inaharibika. Wekeni pembeni mwa kila ukurasa mstari wa sentimita 10 pamoja na maneno ya kumwagiza mwalimu aupime kabla ya kugawa nakala. Fotokopi pia haina rangi. Palipo na nyekundu na kijani patatoka kijivu na kijivu, kwa hiyo tofauti ionyeshwe kwa michirizi na nukta. Karatasi ya manila nayo hujikunja kwa unyevu wa bahari ikiwa imetundikwa ukutani. Mwongozo useme ihifadhiwe imelala chini ya kitu kizito, au itumike kadibodi ya maboksi, ambayo haina gharama. Na kingo za seti ya mwalimu zikitiwa mapengo kwenye kila alama, mwanafunzi asiyeona anaweza kuzipapasa na kulinganisha pamoja na wenzake, bila kutengewa kifaa chake.

Mwongozo wa mwalimu wenyewe uwe mwembamba. Tunachohitaji ni kuambiwa makosa ambayo watoto watayafanya, kwa nini wanayafanya, na swali gani la kuuliza kosa linapotokea. Mwalimu anayejua mapema kwamba 2/5 inakuja atakuwa na ukanda mkononi. Asiyejua atatia alama ya mkasi na kuendelea. Kuanzia Gredi ya Nne tunafundisha Hisabati kwa Kiingereza, ilhali katika somo la Kiswahili watoto haohao wanajifunza thuluthi, humusi na sudusi. Mwongozo uwape walimu istilahi za lugha zote mbili, kiasi (nambari ya juu) na asili (nambari ya chini) zikiwemo, ili masomo hayo mawili yasaidiane.

Kuhusu vishikwambi sina mengi. Programu inayomkatia mtoto duara kwa kugusa kioo ni lile duara la kitabuni lililopata umeme. Ikiwa lazima iwepo, iwe inayomwachia mtoto akate vibaya kwanza.

La mwisho, na ndilo ninalowaomba mlipe uzito, ni majaribio. Nchi hii inayo misingi ya kufanya hivyo. Mpango wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliwafunza walimu wa Hisabati na Sayansi wa shule za upili kupanga somo, kulifundisha, kulitazama na kuliboresha, na ukahimiza vifaa vya kubuniwa kutokana na vitu vilivyopo. CEMASTEA, kituo cha mafunzo ya walimu wa Hisabati na Sayansi kule Karen, Nairobi, kingali kinaendeleza kazi hiyo. Yaliyotakiwa kwa somo la mwalimu yatakiwe pia kwa kifaa. Rasimu ipelekwe kwenye madarasa yasiyofanana, moja la kisiwani Mvita, moja la Likoni, moja la Jomvu, likiwemo lenye msongamano mkubwa, na aliyekibuni aketi nyuma ya darasa kipindi chote bila kusaidia. Aangalie wapi mikono ya watoto inakwama, wapi mwalimu anakiweka kifaa kando na kurudi ubaoni, na dakika ngapi zinapotea katika kugawa na kukusanya. Kisha arudi mezani arekebishe, na wanafunzi walewale waulizwe tena wiki kadhaa baadaye, kwa maana jibu sahihi la siku ya somo halitoshi. Maswali ya kuwapima yasiwe na michoro iliyotiwa vivuli. Yawe ya kukadiria, kulinganisha na kuweka akisami kwenye mstari wa nambari, hasa zile zinazoizidi moja.

Ikiwa gharama ya safari za wabunifu ni kikwazo, wako walimu hapa wanaoweza kuyaendesha majaribio na kuandika walichokiona, mradi wapewe rasimu mapema na wahakikishiwe kwamba maelezo yao yatasomwa kabla ya kazi kwenda kwa mpiga chapa. Mimi ni mmoja wao, na kiolezo cha ukanda pamoja na maelezo ya zile nafasi 15 za daftari niko tayari kuvikabidhi bila malipo, vinakiliwe na shule yoyote itakayovitaka. Naomba mtujulishe ni nani katika ofisi zenu wa kukabidhiwa, na ni lini rasimu ya toleo lijalo inafungwa.

Wenu mtiifu,

Mwalimu wa Hisabati, Mombasa